Volkano ya Mwalimu Nukta

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimefundisha kipindi kizima bila kusema "nukta". Kipindi kizima! Dakika themanini za jiografia, kidato cha pili, na sikuimlisha hata sentensi moja. Ulimi uliniwasha kama nimekula pilipili.

Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya ubao na daftari langu la noti — lile la jalada la kijani, pembe zimeshaliwa — nikisoma polepole, wao wakiandika. "Mto huwa na sehemu tatu, koma, nazo ni hizi, nukta pacha." Ndiyo maana wananiita Mwalimu Nukta. Wanadhani sijui. Najua tangu mwaka wangu wa pili hapa, na kusema kweli jina nalipenda. Noti zangu zina sifa mji mzima. Kuna watu wazima, wana watoto wao, na bado wamezitunza kabatini. Sijisifu. Hapana — najisifu, kwani hapa anasoma nani?

Ni ile semina ya walimu iliyonivuruga. Wiki nzima tunaambiwa: mwanafunzi akae katikati, mwalimu asogee pembeni. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tatu tukaambiwa tuandike mambo matano ambayo wanafunzi wetu bado wanayakumbuka mwaka mmoja baada ya mtihani. Karatasi yangu ilibaki tupu mpaka kengele ya chai.

Mkuu wa shule amenipa chumba cha kompyuta kwa muhula huu tu. Kompyuta kumi na nane, zinazowaka kumi na nne. Wanafunzi arobaini na mmoja. Sharti ni hili: mkaguzi anakuja tarehe 29. Akiridhika, njia mpya inaendelea na wengine watafuata. Asiporidhika, "tunarudi kwenye chaki, Mwalimu, bila kinyongo." Nimekubali. Nimejitia kitanzi kwa mikono yangu.

Kazi niliyowapa: waandike kitabu cha mji wetu mtandaoni. Ukurasa mmoja wa pamoja. Kila kikundi na sehemu yake, kila mmoja anasoma ya wenzake na kuweka maoni pembeni. Soko, barabara, bwawa, stesheni. Na kilima, bila shaka. Volkano yetu!

Jumatano, 7 Mei

Kelele! Mwalimu wa hisabati, rafiki yangu wa meza moja, anafundisha ukuta wa pili. Akaja kuchungulia, akidhani darasa halina mtu mzima.

"Kumbe upo!"

"Nipo."

"Sasa unafanya nini?"

"Nazunguka."

Akanitazama kama aliyeambiwa nimeanza kufuga nyuki ofisini. Akafunga mlango taratibu.

Ni kweli, nilizunguka tu. Watatu watatu kwenye kompyuta, vichwa vimegusana. Wanabishana kama bwawa la chini ni la asili au lilichimbwa. Nilisogea niwape jibu, nikakuta wameshahamia jambo jingine. Hakuna aliyeniuliza kitu dakika ishirini nzima. Nilijihisi mgeni aliyefika harusini siku ya pili.

Nimemwambia mume wangu kwamba siku hizi wanafunzi wanafanya kazi wenyewe. Yeye ni fundi bomba, haamini kitu mpaka akiguse. Akasema basi kesho nibaki nyumbani nimshikie spana.

Ijumaa, 9 Mei

Leo kichwa kimevimba, na nina haki!

Kikundi cha barabara kilisimama njia panda saa nzima baada ya masomo, kikahesabu malori, kikachora grafu. Rangi tatu! Grafu ambayo mimi sikuwahi kuichora maishani. Kikundi cha soko kimepiga picha za mizani na kuandika kila bidhaa inatoka upande gani. Yule mvivu anayelalaga kipindi cha tatu amechora ramani ya mitaro ya maji ya mvua, na ni sahihi, maana nimekwenda kuihakiki kwa miguu yangu.

Hata Redio anaandika. Redio ni binti anayekaa nyuma kabisa, dawati la dirishani. Wenzake wamempa jina hilo kwa kejeli, kwa kuwa redio yenyewe haijawahi kutoa sauti. Kwenye kipindi changu hajafungua mdomo tangu mwaka jana. Lakini mtandaoni! Vidole vinakimbia. Ameweka maoni kwenye kurasa za watu, mafupi, ya adabu, yote yana maana. "Mmehesabu asubuhi au jioni? Malori ya mawe hupita asubuhi." Mpaka kikundi cha barabara kikarudi kuhesabu asubuhi.

Na kikundi cha volkano kimenifurahisha kuliko wote. Wamenakili noti zangu neno kwa neno: "Kilima kilicho nyuma ya shule ni volkano mfu, iliyolipuka zamani za kale na kuacha umbo la pia." Hata koma hazikupotea. Niliisoma mara tatu. Kizazi na kizazi kimepita na sentensi ile. Nembo ya shule ina kile kilima, juu yake moshi, na chini maneno "Twalipuka kwa Elimu".

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Najua. Lakini leo niacheni.

Jumanne, 13 Mei

Nimekasirika. Bora niandike kuliko kumfokea mtu.

Asubuhi, kabla ya kipindi, nimefungua ukurasa. Pembeni ya sentensi yangu ya volkano kuna maoni: "Hii si volkano. Ni kifusi cha mgodi wa zamani. Kilima kimejengwa na watu." Aliyeandika: Redio.

Kifusi! Volkano yangu, kifusi! Sentensi niliyoipokea kwa mwalimu aliyenitangulia, naye ni mtu aliyevaa tai kila siku ya Mungu, hata Jumamosi. Sentensi iliyotoka kwenye mitihani ya shule mara kumi na moja, nina hesabu yake. Mtoto wa kidato cha pili anakuja na mistari miwili, bila ushahidi, bila kuniuliza.

Nikayafuta yale maoni. Nilibonyeza mara moja tu, yakapotea. Hakuna aliyekuwa ameyaona, nadhani. Nitazungumza naye faraghani siku nyingine, kwa upole, kuhusu kuandika mambo asiyo na hakika nayo.

Mchana nimefundisha vizuri. Walikuwa kimya kidogo.

Jumatano, 14 Mei

Mungu wangu.

Kiranja wa darasa amebaki baada ya kipindi, ameshika mikono nyuma. Samahani Madam, kuna kitu labda hukijui. Nikasema mimi ni mwanafunzi kama wao siku hizi, sema. Akaja kwenye kompyuta yangu, akabonyeza kona ya juu, ikafunguka orodha ndefu. Akasema ukurasa una kumbukumbu yake. Kila kilichoandikwa. Kila kilichofutwa. Na aliyefuta.

Mstari wa saba: *Mwalimu amefuta maoni. Saa nne na dakika kumi na mbili.*

Miaka kumi na tisa ya ubao! Ubaoni ukifuta, umefuta. Unapuliza vumbi la chaki, maisha yanaendelea. Nani angenifundisha kwamba kuna ubao usiosahau?

Nikauliza nani ameona. Akatazama sakafu.

"Wote, Madam."

Nilitafuta pa kuweka uso wangu sikupaona. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwamba Redio angekuja kuniambia mwenyewe, mimi siumi mtu. Kiranja akazidi kuitazama sakafu.

"Alikuambia, Madam. Mwaka jana. Alinyoosha mkono."

Kisha akanieleza. Taratibu, kwa heshima, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mama yake. Redio alisema kwamba bibi yake anasema kile kilima si volkano. Mimi nikamjibu. Darasa likacheka. Kuanzia siku ile ndipo akaitwa Redio.

Sikumbuki. Naapa sikumbuki.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekumbuka. Nilikuwa naosha vikombe.

Nilimwambia: "Na bibi yako alisomea jiografia chuo gani?"

Na aliyecheka wa kwanza ni mimi.

Ijumaa, 16 Mei

Sikulala vizuri, lakini nimefanya.

Nilisimama mbele yao, ubao mtupu mgongoni. Sikuleta daftari la kijani. Nikasema: juzi nilifuta maoni ya mwenzenu, sikuyapinga, niliyafuta tu, na hilo si kosa la kompyuta. Halafu nikasema la mwaka jana. Nilirudia maneno yangu yote, mpaka lile neno "chuo gani". Hakuna aliyecheka safari hii.

Nikamgeukia yeye. "Nisamehe, mwanangu."

Aliangalia vitufe. Darasa zima likageuka kumtazama na mimi nikatamani wasingegeuka. Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza nitalia, na Mwalimu Nukta halii mbele ya kidato cha pili.

Nikasema: kile kilima ni volkano au ni kifusi? Sijui.

Nimeandika hapa ili niamini. Nimesema "sijui" mbele ya watoto arobaini na mmoja na dari halikuanguka. Tena walichangamka! Mvivu wa kipindi cha tatu akauliza, kwa hiyo Madam, jibu halimo kwenye noti? Nikasema halimo popote mpaka mlilete. Mwende mkatafute. Picha za zamani mtandaoni, ramani za setelaiti, mawe yenyewe, watu wenyewe. Kila dai na ushahidi wake.

Kiranja akanionyesha namna ya kurudisha maoni yaliyofutwa. Yakarudi palepale. Dakika moja baadaye, chini yake, Redio akaandika: "Sawa, Madam." Kisha baada ya muda: "Asante."

Nimeyasoma hayo maneno matatu mara nyingi kuliko nilivyosoma ile sentensi ya volkano.

Jumapili, 18 Mei

Nimepanda kilima na mume wangu. Nilimwambia tunakwenda kunyoosha miguu. Akabeba sururu — anajua mke aliyemuoa.

Juu kuna majani makavu, vipande vya chupa, na mbuzi wa mtu. Hakuna shimo la volkano. Lipo bonde dogo ambalo siku zote nilikuwa nawaambia ndilo shimo, na leo nimeona ni njia iliyochimbika kwa maji ya mvua. Yeye akachagua mahali, akapiga sururu mara nne. Akachota udongo, akausugua viganjani, akautupa.

"Huu ni udongo wa kumwagwa."

"Umejuaje?"

"Mke wangu, mimi nachimba mitaro tangu sijakujua. Udongo wa kuzaliwa hukaa kwa tabaka. Huu umechanganyika tu, mawe chini, mawe juu, kama takataka. Nilipopitisha bomba hapo chini nililiona hilo zamani."

"Zamani lini?"

Akafikiri. Miaka minane, labda tisa.

Miaka tisa! Tunakula meza moja, tunalala kitanda kimoja, kila mwaka nasahihisha mitihani ya volkano mbele ya macho yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakutaka kuniingilia kazi. Mimi ndiye niliyesoma, yeye ni wa mabomba.

Nilikaa juu ya jiwe. Hasira zilikuwepo lakini sikuona wa kumpa. Akakaa na yeye. Akasema hata hivyo ni kilima kizuri, volkano au si volkano, na upepo wake ni wa bure.

Jumanne, 20 Mei

Naandika haraka, mkono haufuati kichwa.

Kikundi cha volkano, walewale walionakili noti zangu, wamepata picha tatu za mji wetu kwenye hifadhi ya picha za zamani mtandaoni. Wakazipanga ukutani kwa projekta. Ya kwanza: stesheni ipo, nyuma yake uwanda. Mtupu! Hakuna kilima. Ya pili: stesheni ileile, na nyuma yake kichuguu cha udongo, na watu wadogo kama sisimizi wanasukuma matoroli. Ya tatu: kilima.

Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa hisabati akaja tena. Safari hii hakufunga mlango. Aliingia, akaegemea ukuta, akauliza urefu wa kilima umepimwaje. Wakamwonyesha: kivuli na fimbo. Akakagua hesabu yao, akapata kosa dogo, wakalirekebisha palepale. Hakurudi kwake mpaka kengele.

Halafu sauti. Redio alikuwa ameirekodi kwa simu, nyumbani. Aliunganisha waya, akabonyeza, akarudi dirishani. Bibi yake. Sauti kavu, yenye kicheko ndani yake, na mlio wa cherehani unasimama na kuendelea. Anasema baba yake alisukuma toroli pale tangu alfajiri. Anasema bwawa la chini ndilo shimo la mgodi, na kilima ndicho kilichotoka shimoni. Mgodi ulipokwisha maji yakajaa, nyasi zikaota, shule ikajengwa.

Kisha inasikika sauti nyingine, ndogo, inauliza: "Bibi, mbona hamkuwaambia walimu?"

Cherehani ikasimama.

"Tuwaambie nini, mjukuu wangu? Walikuja na vitabu. Tulidhani nyinyi mliosoma mnajua zaidi."

Hiyo sauti ndogo ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia tangu mwaka jana. Ni sauti nzuri. Haina mtetemo wowote. Nyumbani kwao redio inafanya kazi vizuri kabisa. Iliyoharibika ilikuwa ya kwangu.

Walioandika ukurasa wa bwawa wamejipongeza, maana walishinda ubishi wao: lilichimbwa. Mimi nilitoka nje kidogo kupangusa miwani. Nina fahari nao mpaka kifua kinauma.

Ijumaa, 23 Mei

Mkuu wa shule ameniita. Ukurasa ameusoma — wote, na nampa sifa kwa hilo. Alikuwa ameuchapisha kwenye karatasi na kuupigia mistari.

Si mtu mbaya. Amechoka tu. Akaniuliza kama ninajua mkaguzi anayekuja ni nani. Najua. Amesoma hapahapa, nimemfundisha mimi, darasa la miaka yangu ya mwanzo. Alikuwa anakaa mbele, daftari lisilo na doa. Mkuu akasema mtu huyo kila akikutana naye mkutanoni anamsomea zile noti za volkano kwa kichwa, kama dua. Ndiye aliyepigania tupate kompyuta. Na ile nembo imo kwenye sweta, kwenye geti, kwenye vyeti, kwenye mhuri!

"Mwalimu, funika kombe mwanaharamu apite. Alhamisi wafundishe mito. Mito haina ubishi. Akishaondoka, mtafukua kilima chenu mpaka mchoke."

Nikamuuliza na ule ukurasa? Akasema uwekwe pembeni siku mbili tatu, usionekane.

Yaani niufute. Hakulitamka, nami sikulitamka. Nilimjibu kwamba nimemsikia. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua chumba cha kompyuta kitakwenda wapi mkaguzi akikasirika. Kitakuwa stoo ya mitihani. Milango yake ina kufuli nzuri.

Mito ninaifundisha nikiwa usingizini. Sehemu tatu, nazo ni hizi, nukta pacha.

Jumanne, 27 Mei

Nimewaambia ukweli. Sikuwaficha: tukifundisha mito, tuna nafasi kubwa ya kubaki na chumba. Tukifundisha kilima, sijui. Mkaguzi anakipenda kile kilima, na alinipenda mimi nilipokuwa nakielezea. Nikasema uamuzi ni wangu, na lawama itakuwa yangu, lakini siwezi kuamua kabla sijawasikia.

Wakataka kura ya siri mtandaoni. Dakika mbili. Thelathini na saba kilima, wanne mito. Kiranja akasema wale wanne, wakitaka kujitaja, waseme sababu, wasizomewe. Nani amemfundisha huyu mtoto? Mmoja wa wale wanne akaeleza: anaogopa tutanyang'anywa kompyuta, na nyumbani kwao hakuna hata simu yenye kioo. Lilikuwa jambo la haki kabisa. Wakakubaliana kwamba wauhifadhi ukurasa wote kwenye flashi, na wauchapishe nakala moja kwa yule aliyesema.

Ikabaki nani asimame mbele ya mkaguzi. Kikundi cha volkano kikasukumana. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo — nitasimama mimi, ni kosa langu, ni noti zangu. Ndipo ukutani, kwenye ukurasa, pakatokea mstari mpya, herufi moja moja, tukiuangalia sote:

"Nitaongea mimi."

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Wamejifunza. Mvivu wa kipindi cha tatu peke yake ndiye aliyesema, akiwa anaangalia ukutani bado, "Poa, Redio," na lile jina halikuwa na kejeli tena.

Jioni nilimwambia mkuu. Alishika kichwa. Akasema atakaa karibu na mlango.

Alhamisi, 29 Mei

Naandika nikiwa darasani. Ndiyo! Saa nne na nusu asubuhi, kipindi kinaendelea, mkaguzi yumo, na mimi nimekaa nyuma dawati la dirishani sina la kufanya. Nisipoandika nitaingilia. Afadhali mkono ushughulike ili ulimi utulie.

Kutoka hapa kilima kinaonekana chote. Mwaka mzima Redio amekaa dirishani akikitazama.

Mkaguzi ameingia na suti ya kijivu na tabasamu lilelile la dawati la mbele. Amenisalimia "Shikamoo Madam" mbele ya wote, wakafurahi. Mkuu yuko karibu na mlango, anafuta jasho. Mwalimu wa hisabati amewaachia wake mazoezi, amesimama ukutani. Eti anatafuta chaki.

Kikundi cha barabara kimemaliza. Mkaguzi ameuliza maswali matatu, wamejibu manne. Kikundi cha soko kimemaliza. Anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mkuu ameacha kufuta jasho.

Sasa kilima. Kichwa cha ukurasa kimetokea ukutani: "Kilima chetu kilitoka wapi?" Mkaguzi amecheka kidogo, ameinuka kitini. Kabla hawajaanza ameanza yeye, macho juu, mikono nyuma: "Kilima kilicho nyuma ya shule ni volkano mfu, koma, iliyolipuka zamani za kale na kuacha umbo la pia, nukta." Neno kwa neno! Miaka yote hii! Hata pumzi ameiweka pale ninapoiweka mimi.

Zamani ningekufa kwa raha.

Hakuna aliyepiga makofi. Ameona. Picha ya kwanza iko ukutani, ile ya uwanda mtupu. Anaitazama. Ya pili. Anaitazama sana. Ameuliza, taratibu, picha hizi zimetoka wapi. Kiranja amemwonyesha. Ya tatu.

"Lakini Madam ndiye aliyetufundisha," amesema. Hajamwambia mtu. Amesema tu.

Sasa amegeuka. Wote wamegeuka. Mkuu ananikonyeza, ananipungia mkono chini chini: inuka, sema kitu, okoa jahazi! Ninalo la kusema. Ninayo maelezo mazuri, yana mwanzo na mwisho, ningeyasema kwa dakika mbili na kila mtu angepumua.

Sijainuka. Nimenyoosha kalamu hii nikamwonyesha Redio. Kwa hiyo hapa pana doa la wino.

Amesimama. Hajashika kompyuta. Mikono ameificha nyuma. Mkaguzi anamsubiri, uso haunipi habari yoyote. Sijui kama amekasirika. Sijui kama kesho chumba hiki kitakuwa na kufuli.

Redio anaanza. Anaanza na maneno yaleyale.

"Bibi yangu anasema..."

Anasikiliza kama tutacheka. Feni ya dari inasikika, basi. Mkaguzi ameketi kwenye dawati la mbele, kama alivyokaa zamani, amefungua daftari lake la ukaguzi na kuchomoa kalamu. Anaandika. Sijui anaandika nini.

Na yeye, binti yangu wa dirishani, ameona anaandika. Anamngojea kidogo amalize mstari, ndipo aendelee, nami hapa siweki nukta